Glasi ya Kwanza

Kabla gari halijafika kiwanda cha kwanza, Bwana Pua alikuwa ameshafungua na kufunga kalamu yake mara ishirini, ameshusha kioo cha dirisha na kukipandisha, ametafuta leso ambayo alikuwa ameishika mkononi, na amemuuliza dereva saa mara nne.

"Shemeji," dereva akasema bila kugeuka, "saa ni ileile niliyokwambia pale kwenye mzunguko, jumlisha dakika mbili. Umekalia siafu au vipi?"

"Nauliza tu."

"Uliza, lakini huo mguu uache kupiga ngoma. Gari zima linatikisika."

Dereva alikuwa mdogo wa kike wa mke wake, na utani wa mashemeji hauna mipaka, kwa hiyo hakuona haja ya kumnyenyekea mtu ambaye hoteli nzima ilimnyenyekea. Yeye aliendesha gari dogo la hoteli, lile la kuchukua wageni. Shemeji yake alikuwa mwonjaji mkuu wa mvinyo katika hoteli hiyohiyo. Jina la Pua alipewa na wapishi miaka kumi na minne nyuma, siku aliponusa kizibo na kusema chupa hii ililala karibu na jiko. Wakacheka, wakaenda kuuliza stoo, wakarudi hawacheki. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, na hata mama mkwe wake alipopiga simu hotelini aliomba kuongea na Bwana Pua.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa nyepesi kuitaja. Hoteli ilitaka kuanza kuwapeleka wageni wakatembelee viwanda vya mvinyo katika bonde la mizabibu, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Viwanda vilivyoomba kutembelewa vilikuwa sita. Nafasi zilikuwa tatu, maana mgeni akishapita vitatu, cha nne hata ukimwambia alikifikia atabisha. Bwana Pua apite, aonje, achague, na kabla ya saa kumi alasiri ampigie meneja simu amsomee majina, kwa sababu mpiga chapa wa vipeperushi alikuwa anangoja. "Mimi sitakuuliza sababu," meneja alimwambia jana yake, akimpigapiga begani. "Pua yako inatosha."

Haikutosha. Pua ilikuwa imekufa.

Ilikufa mwezi wa pili, na sasa ulikuwa mwezi wa tano. Alishikwa na homa, akalala siku tisa, na siku ya kumi alipoamka na nguvu zake alikwenda jikoni, akafungua kopo la kahawa, akalisogeza usoni. Hakuna kitu. Akadhani kahawa imechuja. Akafungua siki, akafungua mafuta ya taa, akachukua soksi zake mwenyewe za siku tisa. Kimya. Daktari alimwangalia kwa tochi ndogo, akasema wengine hurudiwa baada ya wiki, wengine baada ya mwaka, wengine basi. Alilisema hilo "basi" huku akiandika kitu kingine, na Bwana Pua alitoka pale akiwa amelowa jasho mgongo mzima.

Hakumwambia mtu. Aliyevunjika mguu huonekana na gongo lake, watu wakampa pole na kiti. Aliyekufa pua anaweza kuzunguka mji mzima kifua mbele asijulikane, na huyu bwana alichagua kuzunguka kifua mbele. Alikuwa na mbinu zake. Rangi ya mvinyo aliiona. Ulimi ulimpa uchachu, utamu, uchungu na ukavu, na vingine vyote aliviokota kutoka nyuso za watu na kutoka kichwani mwake, ambamo miaka kumi na minne ya maneno ilikuwa imepangwa vizuri: maua meupe, ngozi mpya, ndimu kwa mbali, moshi wa kuni kavu. Aliyatoa maneno hayo moja moja, kwa kusitasita kidogo, kama mtu anayefikiri. Watu walitikisa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyebisha, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi, kwa sababu kila siku iliyopita bila mtu kubisha ilimpa siku nyingine ya kuogopa.

Nyumbani pia alikuwa akidanganya, ila huko hakujihesabia kuwa anadanganya. Kila jioni kwa miaka yote ya ndoa yao alipofika mlangoni alimwambia mke wake, "Unanukia vizuri." Aliendelea kusema. Asubuhi hiyo hata hakungoja jioni, mke wake alikuwa amesimama na pasi mkononi, anamnyooshea shati, naye akapita karibu yake akasema, "Unanukia vizuri leo." Mke akamtazama kwa muda. "Asante," akasema, akarudi kwenye kola.

Kiwanda cha kwanza kilikuwa na jengo la vioo na duka la kofia. Bwana Pua aliingia peke yake, dereva akabaki nje na gari kama desturi ya madereva wote. Alionja mivinyo minne, akaitema yote minne, akazunguka chumba mara tatu huku mwenye kiwanda akimfuata na sahani ya vizibo. Hakuweza kusimama mahali pamoja. Akisimama, aliona kwamba anatazamwa. Akitembea, alionekana kama mtaalamu. Aliandika "Ndiyo" kwenye fomu kwa sababu moja tu: mfanyakazi aliyemimina alionja naye, na akameza. Anayejua mvinyo wake ni mzuri humeza. Mwenye wasiwasi hutema kabla hata mgeni hajatema.

Cha pili, mfanyakazi alitema. "Hapana."

Katika cha tatu alikaribia kuumbuka. Mwenye kiwanda, mtu mnene mwenye furaha nyingi, alimweka kati ya mapipa mawili na kumwambia yeye na mkewe wamegombana wiki nzima, mmoja anasema pipa la kushoto limeanza kunuka mbao, mwingine anasema la kulia. "Wewe ndiye hakimu wetu. Ukisema, tumemaliza." Bwana Pua alinusa la kushoto. Alinusa la kulia. Akarudi la kushoto. Kisha akamwona mke wa yule bwana amesimama mlangoni, mikono kifuani, mdomo umebanwa, na akajua ni nani katika nyumba ile aliyezoea kuwa sahihi.

"Mama alikuwa anasema lipi?" akauliza, kana kwamba ni adabu tu.

"La kulia."

"Mama yuko sahihi."

Mke akapiga makofi, mume akacheka, na Bwana Pua akatoka na "Ndiyo" ya pili. Akaingia garini, akashusha kioo, akakipandisha.

"Unatweta," dereva akasema. "Ulikuwa unaonja au unakimbizwa?"

"Endesha."

Saa ilikuwa saba na nusu. Ilibaki nafasi moja na viwanda vitatu.

Kiwanda cha nne hakikuwa na kibao. Kilikuwa ghala la mawe mwisho wa njia ya changarawe, mlango wa mbao umeachwa wazi kidogo, na mbele yake mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mpira, shada la funguo limening'inia shingoni. Alikuwa mjane, kiwanda kilikuwa cha mumewe, na baada ya mazishi watu walingoja auze, naye akanunua buti. Hakusema kwamba ni heshima kuwapokea, hakutaja jina la hoteli.

"Karibuni. Na dereva aingie. Kwangu mtu hasubiri nje."

"Mimi naendesha, mama," dereva akasema.

"Kuingia si kunywa."

Ndani kulikuwa na baridi na sakafu imelowa. Kwenye meza ndefu glasi tatu zilisimama juu ya kitambaa cheupe, na chupa moja, kizibo kimeshatolewa. Mjane akamimina kidogo katika kila glasi, akarudi nyuma hatua moja, akangoja. Hakuonja. Bwana Pua alimwangalia koo, koo halikumwambia kitu. Akaangalia rangi: manjano hafifu, safi, haina kosa. Akazungusha glasi, akaingiza pua, akavuta hewa ndefu ya bure. Akaonja. Uchachu ulikuwa mahali pake, ukavu mahali pake. Akatema kwenye ndoo.

"Maua meupe," akasema. Akasitasita. "Na ndimu, kwa mbali. Safi sana, mama. Safi kabisa."

Mjane akamgeukia dereva. Dereva alikuwa ameinua glasi hadi puani, akaishusha mezani bila kuigusisha mdomoni, na sasa alikuwa anatazama boriti za dari kwa bidii kubwa.

"Na wewe?"

"Mimi naendesha, mama."

"Kunusa hakukatazwi."

"Nimenusa."

"Haya." Mjane akakusanya glasi tatu kwa mkono mmoja. "Asanteni kwa kuja. Mlango muurudishe kama mlivyoukuta."

Walikuwa wamekaa dakika sita. Bwana Pua alisimama pale na kalamu yake, anangoja glasi ya pili, anangoja kuonyeshwa mapipa, anangoja chochote. Mjane alikuwa ameshafungua bomba na anaosha glasi, amewapa mgongo.

Garini alikuwa amevimba kwa hasira. "Umeona? Umeona adabu hiyo? Watu wanatoka mjini, wanaomba wenyewe kutembelewa, halafu unafukuzwa kama muuza vyombo!" Akatoa fomu, akakata jina la kiwanda kile kwa mistari miwili, kalamu ikatoboa karatasi. "Wageni watapelekwa hapa wakamwagiwe maji ya buti? Twende cha tano."

Dereva aliwasha gari, akaenda mita mia mbili, akasimama kando ya njia, kwenye safu za mizabibu. Akazima injini.

"Shemeji. Ule mvinyo ulikuwa unanuka."

"Unanuka nini?"

"Unanuka daftari lililolowa likasahauliwa uvunguni. Gunia bichi. Sijui. Mimi si mtaalamu, lakini niliposogeza glasi nilitaka kupiga chafya. Wewe ukasema maua meupe."

"Hilo ni jambo la kitaalamu," akasema Bwana Pua upesi. "Kuna mivinyo ambayo mwanzoni hutoa harufu nzito, halafu mtu mwenye uzoefu husubiri, hupenya chini yake, na chini yake ndiko..."

"Funga macho."

"Nini?"

"Funga macho, shemeji. Dakika moja. Kama ni utani wangu tu, utanicheka mpaka uzeeni."

Akafunga. Alimsikia akifungua kisanduku cha mbele ya kiti, akapekua, kitu kikachakarisha. Asubuhi alikuwa ameona chungwa mle ndani, na alilikumbuka vizuri, chungwa moja kubwa karibu na karatasi za bima. Akahisi kitu kimesogezwa chini ya pua yake, karibu kabisa.

"Hiki nini?"

Akavuta hewa. Akavuta tena. Alingoja kama alivyongoja kila asubuhi kwa miezi mitatu juu ya kopo la kahawa. Nje ndege alikuwa anapiga kelele kwenye waya.

"Chungwa," akasema.

Akafungua macho. Chini ya pua yake palikuwa na tambara jeusi ambalo dereva hulitumia kufutia petroli, limelowa bado tangu asubuhi walipojaza tangi. Macho yalianza kumwuma kwa mvuke wake.

Dereva alilikunja tambara, akalirudisha mahali pake kando ya chungwa, akafunga kisanduku taratibu.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili. Ile homa."

"Dada anajua?"

"Hajui mtu yeyote. Na wewe tafadhali, shemeji, nakuomba kwa..."

"Kumbe!" Dereva akapiga usukani kwa kiganja, honi ikalia, ndege akaruka. "Kumbe ndiyo hiyo! Mungu wangu, na mimi nilivyokutukana wiki mbili hizi, hujui tu nilivyokutukana!"

"Kwa lipi?"

"Dada ameacha kujipaka manukato tangu mwezi wa tatu. Chupa iliisha, hakununua nyingine, anangoja uulize. Wewe kila jioni unaingia: unanukia vizuri. Hana kitu mwilini zaidi ya sabuni ya kufulia! Siku moja ameshinda anamenya vitunguu vya shughuli ya jirani, gunia zima, macho mekundu, mikono inanuka mpaka barabarani, unaingia unamwambia ananukia vizuri. Akanipigia simu analia. Akasema, mdogo wangu, huyu mtu hayupo nami. Anasema maneno ya zamani tu, haniangalii. Ana mwingine huyu."

"Mwingine? Mimi?"

"Wewe."

"Kwa nini hakuniuliza?"

"Na wewe kwa nini hukumwambia?"

Bwana Pua akafungua mlango, akashuka. Akatembea mpaka kwenye mzabibu wa kwanza, akarudi, akaenda tena. Dereva alimwacha. Alipochoka kwenda na kurudi alisimama karibu na dirisha la gari, akaongea akiangalia viatu vyake.

"Nikisema, mimi nabaki nani? Nambie. Bwana nani? Hata mama yenu ananiita Pua. Nitasimama mlangoni mwa hoteli niwabebee watu mizigo? Niliogopa, shemeji. Naogopa mpaka sasa. Nikilala naogopa, nikiamka nakimbilia kahawa."

"Najua unaogopa. Mguu wako ulishasema tangu asubuhi." Dereva akatazama saa. "Saa nane na dakika kumi. Ukitaka, twende cha tano, uonje, ujaze fomu yako. Mimi sitasema kitu. Dada utamwambia mwenyewe au hutamwambia, ni nyumba yako."

Bwana Pua akachukua fomu iliyokuwa kwenye kiti. Ndiyo, Hapana, Ndiyo, na ile mistari miwili iliyotoboa karatasi. Alijua nini kilikuwa nyuma ya kila neno: koo la mfanyakazi, mdomo uliobanwa wa mke wa mtu, hasira zake mwenyewe. Na wageni wangekuja na karatasi iliyopigwa chapa, wangepanda gari hili, wangeingia mahali alipowaambia waingie kwa sababu Bwana Pua amesema. Aibu ilimpanda taratibu, ikamfika usoni.

"Geuza gari," akasema.

Mjane alikuwa bado kwenye sinki, na hakushangaa.

"Umesahau nini?"

"Glasi ya pili."

"Glasi ya kwanza uliisifu."

"Ndiyo."

"Marehemu mume wangu ndiye aliyeanza," mjane akasema, akifuta mikono kwenye aproni. "Walikuwa wanakuja wanunuzi, wanasifu kila kitu ili wamiminiwe kingine. Akasema basi, glasi ya kwanza katika nyumba hii iwe ya chupa iliyoharibiwa na kizibo kibovu, ikanuka ukungu. Tunaziweka kando makusudi. Atakayesema ukweli apewe ya pili, na ya tatu, na mapipa aonyeshwe. Atakayesifu, asanteni kwa kuja. Wewe nilikungoja kwa hamu. Nimelisikia jina lako miaka. Nilisema leo anakuja mtu." Akamtazama kwa uchungu wa kweli. "Maua meupe!"

"Sisikii harufu, mama. Yoyote. Tangu mwezi wa pili."

Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye sinki. Mjane aligeuka akayafunga, na alipogeuka tena uso ulikuwa umelegea kidogo, ingawa si sana.

"Pole."

"Asante."

"Lakini pole yangu haitaonja mvinyo. Na huyu?" Akamnyooshea dereva kidole. "Huyu alinusa. Nilimwona akiziangalia boriti zangu, akikufichia."

"Mimi sijui maneno yake," dereva akasema.

"Maneno anayo yeye. Wewe pua unayo. Keti."

Akafungua chupa nyingine mbele yao, kizibo kikatoa mlio mdogo. Bwana Pua alitaka kukaa, hakuweza; akasimama nyuma ya kiti cha shemeji yake, kalamu mkononi. Akamfundisha kuzungusha glasi bila kujimwagia. Akamwambia asiogope, aseme kitu cha kwanza kinachomjia.

"Nguo," dereva akasema. "Nguo zilizoanikwa juani, unapozitoa kwenye kamba."

"Hiyo ni kabla ya kuonja. Sasa onja, uteme. Harufu imebaki au imeondoka?"

"Imebaki. Imegeuka. Kama... ukikata pea halafu ukaisahau kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Imekuwa ya kahawia?"

"Hapana, hapana. Dakika tano tu."

Aliandika. Aliandika kila neno, na aliyajua maneno hayo yalikuwa yanaeleza nini, aliuona mvinyo ule wote kichwani kama chumba alichowahi kuishi, na hakuweza kuingia. Machozi yakamtoka. Hakuyafuta, na mjane hakuyatazama. Alimimina ya tatu.

Walitoka pale saa tisa na nusu. Cha tano na cha sita hawakuvifikia. Saa kumi kasoro robo, gari limesimama palepale kando ya mizabibu, alipiga simu.

"Nisomee, Bwana Pua," meneja akasema. "Mpiga chapa yuko mbele yangu."

"Nina kimoja."

"Fomu ina nafasi tatu."

"Najua. Nina kimoja ambacho naweza kukiapia, na hicho hakikuchaguliwa na mimi. Kimechaguliwa na dereva. Mimi siwezi kunusa, bosi. Miezi mitatu sasa. Yote niliyokwambia tangu mwezi wa pili nimeyabuni."

Upande wa pili kiti kikasogezwa, mpiga chapa akaambiwa asubiri nje.

"Kesho saa mbili ofisini," meneja akasema mwishowe. Sauti yake haikuwa na hasira wala huruma, ilikuwa sauti ya mtu aliyepewa mzigo na hajui auweke wapi. "Njoo na dereva."

Wakati wa kurudi walibadilishana viti. Dereva alidai ametema kila tone, lakini mashavu yalikuwa ya moto na alicheka hovyo, kwa hiyo Bwana Pua alishika usukani mwenyewe. Aliendesha polepole. Mguu wake sasa ulikuwa na kazi na haukupiga ngoma, ila moyo ulikuwa juujuu kuliko asubuhi, maana meneja alikuwa kesho na mke wake alikuwa leo.

"Nikusindikize ndani?" dereva akauliza walipofika getini.

"Hapana."

"Usimwambie nilikuambia ya vitunguu."

Mlango ulikuwa wazi. Mke wake alitokea akifuta mikono, akasimama kizingitini, akangoja yale maneno kama mtu anavyongoja kengele ya shule. Bwana Pua alifungua mdomo na yalikuwa pale, tayari, yalitaka kutoka yenyewe. Akayameza. Akasogea karibu, akainamisha uso mpaka shingoni kwake, akavuta hewa kwa nguvu zake zote. Alihisi joto la ngozi, na unywele mmoja ukamtekenya. Basi.

"Sijui unanukiaje," akasema. "Sisikii kitu. Pua ilikufa na ile homa. Nilikuwa nakudanganya kila jioni, wewe na kila mtu."

Mke wake akarudi nyuma amwone vizuri. Alimkagua uso, jicho kwa jicho, muda mrefu.

"Mimi nilidhani ni mwanamke," akasema. Akaanza kucheka, akashika mdomo, kicheko kikageuka, akaketi palepale kwenye ngazi huku mabega yanamtetemeka. Bwana Pua akaketi karibu yake. Hakujua aweke wapi mikono.

"Kwa hiyo pua ndiyo iliyoondoka," mke akasema baadaye, sauti imelowa.

"Pua."

"Wewe upo."

"Nipo. Kazi sijui. Lakini nipo."

Akamlalia begani. Wakakaa hivyo, magari yakipita nje ya geti, mpaka mke akainua kichwa, akageukia ndani ya nyumba, akavuta hewa mara mbili.

"Chungu kinaungua jikoni," akasema.

"Sisikii."

"Najua," akasema mke, akarudisha kichwa begani, hakuinuka.